Bosi aliachiwa, mhasibu akafungwa: nisaini maelezo haya?

Shikamoo Mama Wakili,

Ninakuandikia saa saba usiku. Mke wangu amelala na hajui ninachoandika.

Nilikuwa mhasibu mkuu wa kampuni moja ya usambazaji hapa Dar es Salaam kwa miaka 11. Mwenye kampuni ninamwita Mzee, na si kwa adabu tu. Alinichukua nikiwa karani wa stoo, akanilipia ada ya mitihani ya CPA mpaka nikafaulu, na mama yangu alipolazwa yeye ndiye aliyelipa hospitali.

Miaka miwili iliyopita alipata wanunuzi kutoka nje. Walileta watu wao, wakakaa ofisini kwetu wiki tatu, wakachukua hesabu za miaka mitatu, wakanunua kampuni. Bei ilipigwa kwa kuangalia faida ya mwaka ule wa mwisho.

Tatizo liko kwenye Desemba ya mwaka huo. Tarehe 29 malori matatu yalipakia mafuta ya kupikia na sabuni kutoka ghala letu la Vingunguti yakapeleka kwa wakala mmoja, shemeji yake Mzee. Ankara zilitoka, risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zilitoka, mimi nikaingiza mauzo. Wiki ya pili ya Januari katoni zikarudi. Nilijua ni zilezile kwa sababu karani wa ghala alikuwa amezipiga mstari wa kalamu nyekundu pembeni wakati wa kupakia, na mstari ule nikauona kwa macho yangu zikishushwa. Nilipomuuliza Mzee alisema, "Jamaa kakwama kulipa, wewe pokea, tutarekebisha." Nikapokea. Hati ya kumfutia wakala deni niliitengeneza, lakini niliiandika tarehe ya Machi, baada ya hesabu kukabidhiwa wanunuzi. Tarehe alinitajia yeye. Kalamu ilikuwa yangu.

Sasa wanunuzi wamegundua. Wanataka warudishiwe karibu bei yote, wanasema hasara yote waliyopata imetokana na hesabu zetu. Lakini Mama, wao wenyewe walipoingia waliwafukuza mawakala wa zamani, wakabadilisha bei, wakapoteza wateja wawili wakubwa ndani ya miezi sita. Mkataba wa mauzo unasema mgogoro uamuliwe kwa usuluhishi London. Na barua yao inasema watakwenda polisi pia.

Juzi wakili wa Mzee amenipa maelezo ya kurasa nne, yameshachapwa, nisaini kabla ya Ijumaa. Yanasema mimi ndiye niliyekuwa na mamlaka ya mwisho juu ya tarehe na mauzo, mkurugenzi hakuhusika. Mzee alinipigia simu akasema, "Saini tu mwanangu, mimi nitakubeba."

Nikaanza kusoma kesi za namna hii na nikakutana na ya Mwingereza Mike Lynch, aliyeuza kampuni yake ya Autonomy kwa Hewlett-Packard ya Marekani. Mahakama ya London ilisema aliwadanganya wanunuzi. Mahakama ya Marekani ikamwachia huru. Na mhasibu wake alifungwa miaka mitano. Nimekaa nikiitazama hiyo miaka mitano. Mama, ile ni haki gani, bosi kutoka na mhasibu kuingia? Na mtu mmoja anawezaje kuwa na hatia upande huu wa bahari na asiwe nayo upande wa pili? Na mimi nifanye nini?

Mhasibu, Mbezi

*

Marahaba mwanangu.

Usisaini. Nimeanza na hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu na mengine yanaweza kusubiri. Maelezo ambayo hukuyaandika wewe, yaliyoandikwa na wakili anayemlinda mtu mwingine, na yenye sentensi ambayo wewe mwenyewe umeshaniambia si kweli, hayapewi saini. Mtu akikuuliza kwa nini, jibu ni kwamba unatafuta wakili wako. Huhitaji sababu nyingine.

Sasa tukae na hiyo kesi, kwa sababu umeisoma ukiwa na hofu na umeona nusu yake. Umemwona bosi na mhasibu. Wahasibu walikuwa wawili.

Wa kwanza ni Sushovan Hussain, ofisa mkuu wa fedha wa Autonomy. Baraza la wazee wa mahakama San Francisco, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, lilimtia hatiani mwaka 2018, na mwaka 2019 akahukumiwa miaka mitano. Huyo ndiye uliyemsoma. Wa pili ni Stephen Chamberlain, makamu wa rais wa fedha, mtu wa hesabu kama wewe, aliyekuwa chini ya Hussain. Huyo alikaa kizimbani pamoja na Lynch mwaka 2024, na tarehe 6 Juni wote wawili waliachiwa huru kwa kila shtaka. Kwa hiyo si kweli kwamba kesi ile ilimtoa mkubwa ikamtoa bangusilo mdogo. Aliyefungwa alikuwa karibu kabisa na juu, na mdogo wake kazini akaenda nyumbani. Hawakuhukumiwa kwa vyeo. Kila mmoja aliulizwa alijua nini, lini, na alifanya nini baada ya kujua. Tena waliulizwa na wazee tofauti, katika miaka tofauti, mbele ya ushahidi usiofanana kila kitu. Ndiyo maana majibu hayakufanana.

Lakini hofu yako haikosi msingi. Lynch alipotoa ushahidi wake mwenyewe alisema yeye alikuwa mtu wa teknolojia, mambo ya hesabu aliwaachia watu wa fedha na wakaguzi. Sisemi alidanganya, wazee walimsikiliza na hawakumtia hatiani. Nasema utetezi wa namna hiyo huwaelekeza watu kwenye meza ya hesabu. Kurasa nne ulizoletewa zinaelekeza hukohuko, tena Mzee anataka ziende na saini yako.

Umeuliza mtu anawezaje kuwa na hatia huku na asiwe nayo kule. Hapa lazima nikunyooshee neno moja. London hakutiwa hatiani. Ile ilikuwa kesi ya madai, mtu anadai fedha zake. Jaji Hildyard alisikiliza kwa miezi mingi mwaka 2019, akapitia mikataba mmojammoja, na Januari 2022 akasema HP, yaani Hewlett-Packard, wameshinda kwa sehemu kubwa. Alikuta kwamba Autonomy, iliyojinadi kuwa inauza programu tupu, ilikuwa ikiuza pia kompyuta za watu wengine kwa hasara ili mauzo yaonekane yamepanda. Alikuta pia mauzo kwa mawakala ambao hawakuwa na mteja wa mwisho, yakiandikwa mwishoni mwa robo mwaka kana kwamba biashara imekwisha. Najua moyo wako umeruka hapo kwenye mawakala. Hata mimi nilipoisoma barua yako niliona malori yako matatu.

Kwenye madai, jaji anapima kama kwenye mizani ya duka la nyama: upande ulioshuka, hata kidogo, ndio umeshinda. Kwenye jinai haitoshi upande ushuke. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo kuacha shaka, kwa sababu anayeshindwa anapoteza uhuru wake. Sheria yetu ya Ushahidi Tanzania inatofautisha hivyohivyo, tulirithi kutoka hukohuko. Basi mtu mmoja, kwa mambo yaleyale, anaweza kushindwa madai na kushinda jinai, na mahakama zote mbili zikawa zimefanya kazi yake. Kuachiwa kwa Lynch hakukufuta hukumu ya London. Na hukumu ya London haikumfanya mfungwa. Watu wanaosema "alisafishwa" na wanaosema "ni mwizi aliyeponyoka" wote wamechukua jibu la swali moja wakalibandika kwenye lingine.

Kuna jambo moja katika kesi ile ambalo mimi binafsi halijaniridhisha hadi leo, na nitalisema. Autonomy ilikuwa kampuni ya Cambridge, hisa zake ziliuzwa soko la London, na ununuzi wake ulifuata kanuni za Uingereza. Ofisi ya Uingereza inayoshughulikia udanganyifu mkubwa ilichunguza na mwaka 2015 ikafunga jalada. Kwa baadhi ya tuhuma ilisema ushahidi hautoshi, nyingine ikawaachia Wamarekani. Na siku ileile Jaji Hildyard alipotangaza uamuzi wake, 28 Januari 2022, waziri wa mambo ya ndani akaidhinisha Lynch apelekwe Marekani. Akapelekwa Mei 2023. Dhamana ilikuwa dola milioni 100, na aliishi zaidi ya mwaka ndani ya nyumba San Francisco akilindwa usiku na mchana. Kumchukua mtu kutoka nchi yake, kumweka mbali na nyaraka zake na mashahidi wake, kwa biashara iliyofanyika nyumbani kwake, ni kumwadhibu kabla ya hukumu. Hilo lingekuwa baya hata kama angetiwa hatiani. Na alipoachiwa, mwaka ule hakuna aliyemrudishia. Miezi miwili baadaye, Agosti 2024, boti yake ilizama pwani ya Sicily, akafa pamoja na binti yake na watu wengine watano. Siku mbili kabla, Chamberlain aligongwa na gari akiwa anakimbia mazoezi kwao Cambridgeshire, naye akafariki. Nawataja kwa sababu kwenye maandishi ya watu wamekuwa mifano tu, na walikuwa na watoto.

Turudi kwako, kwenye fedha, maana hapo kesi ile ina msaada mkubwa kwako na kwa Mzee pia.

HP walitangaza kununua Agosti 2011, pauni 25.50 kwa kila hisa, jumla kama dola bilioni 11. Ofisa wao mkuu wa fedha, Cathie Lesjak, aliipinga bei hiyo mbele ya bodi. Mkurugenzi mkuu aliyeisukuma biashara, Léo Apotheker, alifukuzwa Septemba hata kabla ununuzi haujakamilika. Novemba 2012 kampuni ikafuta dola bilioni 8.8 kwenye vitabu vyake na kusema zaidi ya bilioni 5 kati ya hizo ni sababu ya hesabu za uongo. Mahakamani wakadai kama hizo bilioni 5. Sasa sikiliza walichopewa. Julai 2025 jaji alikadiria kwamba kama HP wangejua ukweli wote, bado wangeinunua Autonomy, ila kwa pauni 23 hivi kwa hisa. Tofauti ni pauni mbili na nusu kwa kila hisa, na fidia yote, pamoja na mambo mengine, ikafika zaidi ya pauni milioni 700. Ni fedha nyingi mno, zinazommaliza marehemu na mirathi yake. Lakini ni sehemu ndogo ya walichodai. Jaji alisema dai lao lilikuzwa mno tangu mwanzo. Hasara nyingine walijitengenezea wenyewe, au ililetwa na soko.

Kwenye kesi yenu swali ni lilelile: katoni za Desemba ziliongeza faida kwa kiasi gani, na kiasi hicho kiliongeza bei kwa kiasi gani? Mawakala waliofukuzwa na wateja wawili waliopotea hawakuwa ndani ya malori yale. Mtu anayeweza kuutenganisha mzigo huo kwa shilingi kamili ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika. Ukiandika ukweli wako wote, unamlinda Mzee asilipe kwa kitu ambacho hakukivunja. Ukisaini zile kurasa nne, utakuwa shahidi mwongo, na siku ya kuulizwa maswali hata ukweli wako kuhusu makosa ya wanunuzi hautaaminika. Wakili wake hajalifikiria hilo, au amelifikiria akaona wewe ni gharama nafuu.

Ila usijifariji na zile wiki tatu za wanunuzi. Wengi walidhani uzembe wa HP ungewamaliza, na ni kweli waliharakisha, lakini aliyedanganya hasikilizwi akisema "mngeangalia vizuri." Sheria ya Uingereza, ambayo huenda ndiyo inayotawala mkataba wenu kama mgogoro unakwenda London, haimpunguzii mdanganyifu mzigo kwa sababu aliyedanganywa alikuwa mzembe.

Na wewe? Tarehe 29 Desemba uliona mauzo yenye ankara na risiti, mzigo umetoka getini. Kwa ulivyonieleza, siku hiyo hukujua. Januari uliona mstari mwekundu, ukauliza, ukapewa jibu linaloweza kuwa kweli. Wakala kukwama si jambo geni. Hapo ulikuwa na shaka na ulinyamaza, na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, hanyamazi kirahisi hivyo. Kisha kwenye ile hati ukaandika tarehe ya Machi unayojua si yenyewe, ukijua nani anaisubiri. Hapo, mwanangu, sitakuficha. Hilo ni kosa lako, na halihami likawa la Mzee kwa sababu alikutajia tarehe, wala halimwondoi Mzee kwa sababu kalamu ilikuwa yako. Mtabeba wote wawili, kila mtu na fungu lake. Neno "nitakubeba" mahakamani halipo. Hakimu hana namna ya kumfunga mtu mmoja kifungo cha watu wawili.

Kesho asubuhi tafuta wakili wa jinai, wako peke yako, asiyelipwa na Mzee wala kupendekezwa naye. Chama cha Mawakili wa Tanganyika watakusaidia kujua kama mtu ni wakili kweli. Umpe yote, hata ya Machi, hasa ya Machi. Yeye ndiye ataamua kama mnakwenda kwa wanunuzi kwanza, lini, na kwa masharti gani. Wewe usiwapigie, usijibu barua yao, na polisi wakikuita usiende peke yako kwa kujiamini kwamba ukweli utajieleza wenyewe. Kutojitia hatiani kwa mdomo wako ni haki yako, na kuitumia si ujanja.

Usifute ujumbe wowote wa WhatsApp. Najua kidole kinawasha. Usibadilishe simu, usi"panguse" kompyuta, usimpigie karani wa ghala kumkumbusha alichoona. Nimewaona watu walioingia kwenye kesi wakiwa na kosa dogo wakatoka na kubwa kwa sababu ya usiku mmoja wa kufuta. Nyaraka za kampuni sasa ni mali ya wanunuzi, usizichukue. Andika tu ziko wapi. Lile daftari la mlinzi wa getini Vingunguti, ambamo namba za malori huandikwa yakiingia na kutoka, liandike juu kabisa ya orodha. Kama bado lipo, litasema Januari bila kumwogopa mtu.

Mzee usimkimbie. Nenda kwake mchana, usiongee kwa simu, umwamkie kama siku zote, umwambie: "Mzee, nimeshindwa kusaini kwa sababu si kweli, na sasa nina wakili wangu." Usijadili naye ushahidi zaidi ya hapo, hata akilia, hata akikukumbusha hospitali. Ile hospitali alimlipia mama yako, na wewe umeifanyia kampuni yake kazi miaka 11. Ukitaka kumshukuru zaidi, mshauri naye aende kwa wanunuzi akiwa na hesabu sahihi ya Desemba kabla usuluhishi haujaanza. Migogoro mingi ya namna hii huishia mezani, na mezani anayekuja na tarakimu za kweli husikilizwa.

Halafu mke wako. Mwambie leo, kabla Ijumaa haijafika na kabla hajasikia kwa mwingine. Wakili atakuomba fedha ya kuanzia, na hiyo fedha ni ya nyumba yenu wote wawili.

Niandikie tena ukishaonana na wakili.

Mama Wakili